Kuungana Naye

Mwenza wa mbunge mstaafu
atasafiri kwa gharama ya umma
akiwa ameandamana na mhusika,
au akienda kuungana naye.
Basi. Ndivyo kifungu kinavyosema,
na mimi nalipwa mshahara kukisoma.

Canberra, Julai. Nje jalidi imeng'ata nyasi,
ndani hita inakohoa kama mwenyekiti wa kamati.
Mezani kwangu faili la Tregenza, Desmond,
seneta wa mihula mitatu, kadi ya dhahabu namba sitini na moja.
Limenona faili hili, limefungwa kwa mpira lisipasuke.
Adelaide hadi Darwin, viti vya mbele, viwili.
Adelaide hadi Broome, viti vya mbele, viwili,
kila mwaka baridi ilipobisha hodi kusini.
Sababu ya safari: mashauriano.
Na nani? Hakuna aliyeuliza.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu alikaa miaka ishirini na mbili baada ya kung'atuka
na jembe hakuliona hata pichani.

Mama yangu yuko Dubbo.
Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja,
kodi ikikatwa kabla mkono wake haujaugusa mshahara.
Dada yake alipokuwa akikata roho huko Broken Hill
alipanda basi, mkate na siagi ndani ya karatasi,
usiku kucha, kichwa kikigonga dirisha.
Akakuta watu wanakunja viti vya maziko.
Nimekitafuta kifungu chake humu.
Hakimo.

Basi barua ikaja. Wino wa buluu, herufi zimelala upande:

*Desmond alifariki Februari.
Majivu yake yako Broome, kama alivyousia,
kwenye ukuta unaotazama maji.
Nina miaka themanini na sita.
Naomba tiketi moja, ya kwenda.
Ya kurudi tutaona.
Naenda kuungana naye.*

Nilicheka, sikatai.
Priyanthi wa meza ya pili akaisoma mara mbili,
akasema, "Mjanja huyu. Sheria anaijua kutushinda."
Tukafungua kanuni, ukurasa wa tafsiri ya maneno.
*Kuungana*: hakuna.
*Mhusika*: aliyewahi kuapishwa.
Haikuandikwa kwamba lazima apumue.

Nikampigia simu.
Nilisema, bibi, pensheni yako inatosha nauli.
"Inatosha," akasema, "na chenji itabaki."
Sasa kwa nini unaomba?

Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
"Yeye mikutanoni, mimi hotelini nafuma soksi.
Watu wakisema mlinipa safari.
Hamkunipa mimi.
Mlimpa yeye mtu wa kukaa kiti cha pili.
Hebu tazama hapo ulipo, mwanangu:
jina langu limeandikwa wapi?"

Nikatoa mpira. Nikafunua karatasi moja moja,
mia nne na kitu, chai yangu ikapoa.
*Mwenza. Mwenza. Mwenza.*
Na mahali pamoja, kwa kalamu ya risasi: *mke (ana mzio wa kamba).*

Bunge lilikuwa limeshapiga kura.
Kadi zote zinakoma tarehe thelathini Juni, usiku wa manane.
Barua yake ilipigwa muhuri tarehe tatu Julai.
Siku tatu. Hata ningetaka.
Na sijui kama nilitaka; nilimkumbuka mama
na kichwa chake dirishani.

Nikafungua faili jipya.
Kwenye mgongo nikaandika kwa wino mweusi, bila haraka:
Tregenza, Lorna Edith.
Faili jembamba, ukilisimamisha linaanguka.
Ndani lina karatasi moja,
na karatasi hiyo inasema hapana.

Jioni nikamsimulia mama kwa simu.
Nilitegemea atasonya.
Alinyamaza kidogo, redio yake ikiongea peke yake,
kisha akauliza,
"Huko Broome,
basi linafika?"