Msumeno wa Chini ya Kitanda

Nilikwenda dukani na kamba ya katani
yenye mafundo mawili:
fundo la kwanza, sakafu;
fundo la pili, chaga za kitanda chetu.
Katikati ya mafundo hayo ndiyo karakana yangu yote.
Chumba na sebule, Walukuba, mtoto analala kwenye kochi.

Mimi si fundi. Napima miwa kwenye mizani ya kiwanda, Kakira,
Jumatatu hadi Jumamosi adhuhuri.
Ila nina rafu kichwani,
nina kibanda cha sungura,
na kijimeza cha Mutesi cha kufanyia hesabu;
kwa sasa anaandikia juu ya goti.
Kazi nne kwa mwaka. Tano, mvua ikizidi.
Msumeno wa mkono ninao, lakini baada ya ubao wa tatu
mstari wangu huwa unakwenda zake Bugembe.

Kwanza nilimwendea Oketcho, fundi wa kweli.
Akanihesabia mambo matano kwa mkono wa kushoto.
Mota isiwe ya kulialia.
Meza iwe sawa: laza rula, tazama mwanga unapenya wapi.
Reli ya kuongozea ubao ikikazwa, ikazike;
ikicheza, nawe utachezwa.
Volti ziwe za kwetu, maana ipo mitumba ya ng'ambo
inayoungua kabla hujavuta pumzi.
La tano akalitafutia kidole, hakukiona.
"Hilo," akasema, "ni kinga ya meno.
Watakwambia inasumbua, ing'oe.
Mimi niliing'oa."

Barabara ya Iganga, duka la tatu,
palikuwa na mwekundu unaong'aa kama pipi.
Laki sita na nusu. Kipya kinyemi.
Nikaisukuma reli kwa kidole gumba, ikanipungia mkono.
Palikuwa na mwingine wa milioni mbili, una magurudumu,
una na mfuko wake wa kukusanyia unga wa mbao;
nikauinamia, nikapita kando
kama mtu anavyompisha mkwe.

Halafu kule nyuma, chini ya mabomba,
wa kijivu, umekwaruzwa ubavuni,
laki tisa, kinga yake bado imo kwenye nailoni.
Nikauliza uzito. Namuwaya, muuzaji, akasema, "Beba."
Nikabeba. Kilo ishirini na kitu:
mtoto wa darasa la pili aliyesusa kutembea.
Nikalaza rula, mwanga haukupenya.
Nikakaza reli, ikakaa.
Kisha nikatoa kamba yangu.
Namuwaya akacheka mpaka akakalia ndoo ya rangi.
"Wenzako huja na pesa, wewe waja na ukambaa!"
Laki nane na elfu themanini. Tukashikana mikono.
Sikumwambia kwamba msumeno
ulikuwa umelipita fundo la pili kwa vidole viwili.

Kagoya aliutazama ukishushwa kwenye bodaboda.
"Kwa hiyo mimi nilale juu ya meno?"
"Yana kinga."
"Kitanda hakina."

Jumamosi ile umeme ulikatika saa nane.
Bwawa liko hapo ng'ambo ya mji, linawasha miji ya watu.
Ukarudi saa kumi, mita ya Yaka imebakiwa na uniti tatu.
Nikavaa miwani ya pikipiki niliyoazima,
nikalikumbuka lile la tano, sikung'oa kitu.
Si rafu. Si sungura.
Mutesi bado yuko gotini na hesabu zake.
Kazi ya kwanza ya msumeno wangu
ilikuwa vipande vinne vya mvule, masalio ya Oketcho,
vyote kimo kimoja,
vya kuinulia miguu ya kitanda
ili wenyewe upate pa kulala.

Nilivisimamisha sakafuni, nikalaza rula juu yake.
Nikainama mpaka shavu likagusa saruji.
Hakuna mwanga.

Usiku Kagoya alipanda kitandani kama anayepanda lori,
akageuka ukutani, kimya.
Nikadhani amelala.
"Kunanukia mvule," akasema.