Asilimia Mia Mbili

Kompyuta mpakato ililetwa Sikonge kwa basi la asubuhi,
imeviringishwa khanga kama mtoto wa siku saba.
Kioo chake, walisema, kina nukta nyingi
kuliko nyuki wa mizinga yote ya Ipole.
Nikaamini. Nikaiwasha.

Picha ya mwanzo: mlima, theluji,
mti ambao kila jani linaonyesha mishipa yake.
Kisha nikafungua programu ya mizani,
ile aliyoiandika marehemu Lusende
enzi za kompyuta zenye mgongo wa kobe,
ikachomoza pembeni
kidirisha
cha ukubwa wa stempu.

Warina asali mia tatu na kumi na wawili,
kilo zao, madaraja yao, shilingi zao,
wote humo, kama chawa kwenye mshono.
Kitufe cha Hifadhi na kitufe cha Futa
vimegusana mabega.
Nikashika kipanya huku nimebana pumzi,
kama anayemtoa mwenzake kibanzi jichoni.

Nilibadili miwani. Nikabadili kiti.
Nikaazima lenzi ya bwana nyuki,
ile anayotafutia utitiri kwenye mabuu,
nikainama hadi pua ikaacha alama ya mafuta kiooni.
Mwanangu akasema kwenye simu: Mama, ni umri huo.
Nikakubali. Umri ukishtakiwa
hakuna anayekuja kuutetea.

Alhamisi akarudi Mhoja Kasubi,
kwa baiskeli, kutoka Ngoywa,
na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu la mwanawe.
Hakupaza sauti.
"Nilileta sabini na nane. Umeandika kumi na nane."
Saba na moja: tofauti yake
ni kimstari cha juu,
na kwenye kioo kile kimstari hicho
hakifiki unene wa unywele.
Kilo sitini.
Mabati ya nyumba yake, upande mzima wa paa,
yalikuwa yamejificha mle.

Siku hiyo sikula mchana.

Nkwabi wa fotokopi, jirani na stendi,
alikuja na vidole vyenye wino, hata kiti hakukitaka.
"Macho yako mazima, mama.
Hii programu ni ya kale, inahesabu nukta moja moja,
haina habari kwamba nukta zimekonda.
Iliagizwa ipige hatua mia sita, inapiga mia sita,
ila siku hizi hatua ni za sisimizi."

Akabofya kulia. Sifa. Upatanifu.
Akatia tiki kwenye kisanduku kimoja,
akauachia mfumo kazi ya kukuza: asilimia mia mbili.
Akafunga. Akafungua.

Likaja dirisha pana kama sinia la pilau,
herufi zina ukungu kidogo kingoni,
kama lebo unayoisoma kupitia chupa iliyojaa asali.
"Ukungu huo hautoki," akasema, "programu yenyewe ndiyo ya zamani.
Ungepata mtu wa kuiandika upya..."
Acha hivyo hivyo, nikamwambia.
Miaka kumi na tisa nasoma mwandiko wa warina,
wengine wanaandika juu ya goti, wengine juu ya tandiko la baiskeli.
Ukungu huu naumudu.

Alichukua elfu tatu. Alitaka elfu mbili.

Alipoondoka ndipo nikauona, chini kabisa,
mstari niliokuwa nimeusahau:
Imetengenezwa na L. Lusende. Kosa likitokea, nipigie.
Na namba ya simu ya mezani, tarakimu sita tu.
Nikaitazama kwa muda.

Kisha nikamtafuta Kasubi, M.,
nikafuta moja, nikaandika saba,
nikakirefusha kimstari moyoni.
Hifadhi na Futa sasa wameachana,
kama majirani waliopimiwa viwanja.
Nikabofya Hifadhi kwa kidole kilicholegea.

Nikampigia Mhoja. Simu haikupatikana.
Yuko porini, msimu umeanza.
Nikaandika kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa,
SABINI NA NANE,
nikakibandika mlangoni.