Mizani ya Mkunga

Mikunga kumi na mmoja wamelala juu ya barafu,
wamefunikwa gazeti bichi la Jumapili iliyopita,
na mkunga mmoja ameketi mbele ya mashua
akimenya yai la kuchemsha, simu kifuani.
Huyo ni mke wangu, Odessa.
Miaka thelathini na minne anapokea watoto
wa mabonde haya ya Tennessee,
na bado hajamkubali mkunga wa maji.
"Hana pa kuanzia," husema. "Hujui umshike wapi."

Mshike kwa kitambaa kikavu, namwambia.
Barafu humtuliza; joto la kiganja humwamsha,
na akiamka atausuka mshipi wako
mafundo ya kukatwa kwa kisu tu.
Ndoana ipite chini ya taya, itokee puani,
abaki hai, aogelee na hasira zake.
Lakini usimwache afike chini.
Chini kuna visiki, kuna mji wa Cutler,
kanisa, duka la mbegu, kitanda alichozaliwa baba,
na mkunga akishapata mlango
hakuna wa kumtoa.

Nimewafuata pwani ya Virginia,
mwendo wa saa saba kwa pikapu, dola tatu kila mmoja.
Wamezaliwa chumvini, wakapanda mito
wangali wembamba kama uzi wa kioo.
Na besi ninayemtaka, mwenye milia saba ubavuni,
naye mababu zake walikuwa wa bahari;
lori la serikali liliwamwaga hapa kama mahindi
na ukuta ukawaambia, ndiyo basi.
Kwa hiyo usiku namtupia mgeni mgeni mwenzake.
Wakikutana futi thelathini gizani,
sijui kama kuna nukta moja ya kujuana
kabla ya mdomo kufunguka.

Saa nne na robo simu ikalia.
Binti wa kina Stooksbury,
wiki mbili kabla ya hesabu.
Tukarudi gatini mbio. Odessa akachukua mkoba,
akapapasa msumari wa kibandani, akachukua mizani,
akaondoka na nusu ya yai mkononi.
Mizani iliyobaki niliitia mfukoni mwa koti
bila kuiangalia.

Mkunga wa kwanza alirudi mzima.
Wa pili alirudi kichwa.
Nikakaa. Mbwa alibweka ng'ambo, akachoka.
Kisha, saa nane kasoro, ufito ukapiga magoti.
Sitasimulia alivyovuta; kila mvuvi ana hadithi hiyo
na zote zinafanana.
Nitasema tu kwamba nilimwita kwa jina la marehemu kaka yangu,
na sijui kwa nini.

Alipokuwa ubavuni mwa mashua, anahema,
nikatoa mizani ya mfukoni.
Kitambaa cha maua, kamba nne, harufu ya poda.
Mizani ya watoto.
Nilifanya nini? Nilimlaza mle,
mkia ukining'inia upande huu, kichwa upande ule,
na sindano ikapita kumi, ikapita ishirini,
ikagonga ukingo ikakaa.
Hajazaliwa mtoto wa uzito huo.
Nikamrudisha majini, nikamshika mkia
mpaka aliponiambia, niache.

Odessa alifika kumepambazuka.
"Msichana," akasema. "Ratili saba na nusu,
kwa ile ndoana yako ya kupimia samaki.
Nimeisugua kwa spiriti mara tatu,
nimemfunga kwa shali ya bibi yake,
na bado bibi akauliza mbona chumba kinanuka mto."
Akacheka mpaka akashika ukuta.
"Na wako?"
Nikamwambia sijui. Nikamwambia, zaidi.

Sasa amelala na soksi zake, mkunga wangu,
na mmoja amebaki kwenye kasha, anajipindapinda.
Huyu nimemwongezea barafu, yule blanketi.
Kitambaa cha maua kiko kambani.
Nimekifua mara mbili.
Kuna gamba moja limegoma.