Ngurumo

Walituambia: mbwa anayenguruma hana adabu.
Jenő akapanda tramu hadi katikati ya Miskolc,
akarudi na kola nyeusi yenye vijino viwili vya chuma
na rimoti, ndogo kama ya gereji.

Bodza alikuwa na lalamiko moja tu: baiskeli.
Ikipita kwenye theluji ya uchochoro wetu
alikaza mgongo, akanguruma chini chini
kama mashine ya kufulia ya mama mkwe.
Jenő akabonyeza.

Mbwa akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto,
akatazama huku na huku: nani kanichoma?
Mbele yake hakuna ila baiskeli,
na juu yake Marci wa jirani, soksi zake nyekundu.
Basi akapiga hesabu yake mwenyewe.

Siku ya kumi na mbili baiskeli ilipita,
Bodza kimya.
Jenő akafungua chupa ya pombe ya plamu.
"Umeona? Ameshika somo."
Mimi niliona masikio yamelala nyuma,
ulimi ukilamba pua isiyo na kitu,
weupe wa jicho.
Niliona, nikaendelea kukata vitunguu.

Dalili ya mvua ni mawingu.
Sisi tulifuta mawingu, tukaiacha mvua.
Tulimpa umeme,
tukamnyang'anya ngurumo.

Jumapili Marci alishuka kwenye baiskeli,
akanyoosha mkono wenye ganda la mkate.
"Hakunguruma," aliwaambia madaktari, mara tatu,
kana kwamba yeye ndiye aliyekosa kusikia.
Nyuzi kumi na tisa.
Kidole cha pete hakikunjiki mpaka leo.

Jenő alitaka kupandisha umeme, kutoka nne hadi saba.
Rimoti niliizamisha ndani ya pipa la kabichi chachu.

Sisemi amepona. Hutoka na kifunga kinywa cha ngozi,
na shingoni kuna vidoa viwili visivyoota manyoya.
Huwa tunasimama mbali, kando ya reli;
baiskeli ikiwa bado ndogo kama nzi
nampa kipande cha soseji. Ikikaribia, tunaondoka.
Kazi yenyewe ni hiyo. Jenő anaiita hongo.

Jana, miezi mitano baadaye,
nilisikia kitu kifuani mwake,
chembamba, chenye kutu,
kama bawaba ya mlango uliofungwa msimu mzima.
Sikumkemea.
"Nimekusikia," nikamwambia,
tukageuza njia.