Njia ya Sita

Uwanja wetu uliinama.
Aliyeupima, Bruda Hilari, alikuwa na jicho moja zima
na kamba ya katani yenye mafundo,
hivyo mita mia nne za Mtakatifu Gonzaga
zilikuwa mia nne na kumi na moja.
Tulikuja kujua siku ya mashindano, Mwanza mjini,
utepe ulipotukatikia kifuani
kabla pumzi hazijaisha.

Nusu ya mzunguko ni mteremko kuelekea ziwani:
unakimbia kama mtu aliyeitwa chakula.
Nusu ya pili ni mlima hadi ukuta wa kanisa:
unakimbia kama mtu anayedaiwa ada.
Wengi wetu tulidaiwa.

Mistari tuliichora kwa majivu ya jikoni.
Ijumaa, siku ya sato, majivu yalinuka shombo
na paka wa padri wakalala njia ya kwanza.

Kijiti kilikuwa mguu wa benchi la kanisani,
benchi la nyuma kabisa, walilolivunja kidato cha nne
wakisinzia Misa ya alfajiri.
Misalaba akampa Lugata,
Lugata akampa Nkwabi,
Nkwabi akanipa mimi
nami nikakiangusha.
Mara moja tu. Mwaka wa sabini na tisa.
Bado nasikia kilivyogonga jiwe:
ko,
kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa.

Bruda hakunigombeza.
Alibonyeza saa, akaandika daftarini muda wote,
pamoja na sekunde nane za kukitafuta majanini.
"Hizo nazo ni zako," akasema.

Mwaka uliofuata tulishinda.
Zawadi ilikuwa beberu mweusi kutoka Magu.
Usiku akakata kamba.
Shule nzima, wavulana mia tatu na arobaini,
wengine na taulo, wengine na rozari shingoni,
tukamfukuza juu ya mawe mpaka kwenye matete.
Aliyemkamata ni Mafuru wa Ukara,
Mafuru ambaye hakuwahi kufuzu hata mbio za magunia.
Jina lake halipo ubaoni.
Naliandika hapa.

Shule haikukatika kama utepe.
Kwanza bendi ilinyamaza.
Halafu nyavu za magoli zikaoza, hakuna aliyezishona.
Halafu shule za kata zikaota kila kijiji,
na ni haki, mtoto asome karibu na sufuria la mama yake.
Mwisho ikaja barua ya jimbo:
mistari mitatu, muhuri mmoja.
Wanafunzi waliobaki walikuwa ishirini na saba.
Kengele ikapelekwa parokia nyingine,
ubao wa rekodi ukaachwa bwaloni.
*Mita 1500, Nkwabi S., dakika 4, sekunde 11.*
Haitavunjwa.
Si kwa sababu Nkwabi alikuwa upepo.

Juzi nimekwenda.
Goti la kushoto lililalamika tangu getini.
Uwanja mzima umeanikwa dagaa,
fedha tupu, njia ya kwanza hadi ya tano,
na mama mmoja, Kabula, anawageuza kwa reki.
"Mzee, usinikanyagie."
Nikamwambia zamani nilikimbia hapa.
Akanitazama miguu, hakuficha.
"Basi pita pembeni kule, hakujaanikwa."

Pembeni kule ni njia ya sita,
ndefu kuliko zote,
njia ya yule ambaye Bruda hakumtarajia.
Nikaishika, nikatembea.
Mteremko haukunivuta tena,
ila mlima ulinikumbuka.
Pale kwenye kona ya kanisa
mkono wangu wa kulia ukaenda nyuma wenyewe,
kiganja wazi, kidole gumba mbali na vingine
kama tulivyofundishwa.
Nikasimama hivyo, sijui muda gani,
hapakuwa na saa.

Kabula akapaza sauti kutoka njia ya tatu:
"Mzee, umeangusha nini?"