Maji ya Buluu

Januari, Umoja. Jua limekaa juu ya mabati
kama mdai aliyeambiwa mwenyewe hayupo
na akaamua kungoja.
Mfereji unakohoa tangu Jumapili, haujatema kitu.
Nina mashati kumi na saba ya mitumba, meupe kwa jina tu,
ya kung'arishwa, kupunguzwa, kutiwa kola.
Shule zimefunguliwa, na kila mama
amekumbuka leo kwamba mtoto hurefuka.

Alfajiri lori limemwaga mchanga mlangoni petu,
mchanga wa mto, wa Machakos,
wa ghorofa anayoiongeza Bwana Kihoro
juu ya vichwa vyetu bila kutuuliza.
Hauna chumvi. Nimeuonja, msinicheke.
Mtu wa Kipini hapiti mchanga
bila kuuliza habari za kwao.

Kufika saa nne, waliorudishwa kwa kukosa sare
wameshauhamia: Osodo, Mutheu,
na yule mdogo wa Njambi anayekula kila kitu.
Wamevua viatu, wamechimba shimo.
"Hii ni bichi," Osodo ametangaza,
"na wewe Mutheu ni mtalii. Lala uungue."
Mutheu akalala. Akaungua kwa heshima zote.

Kisha wakanijia, kwa kuwa mimi nimetoka huko:
watu wa baharini hufanya nini siku nzima?
Nikawaambia kweli. Wakati kama huu
mji hujifunga baada ya adhuhuri.
Mwenye duka hulala juu ya magunia, mlango wazi;
ukitaka kiberiti unachukua,
unaacha pesa juu ya mizani.
Mbuzi hukalia kivuli cha msikiti,
kivuli kikihama nao huhama.
Shangazi Mwanashee huuza barafu za ukwaju dirishani,
humwoni, ni mkono tu, na bangili.
Bahari ipo hapo, mwisho wa njia.
Hakuna anayeitazama.

"Hakuna?"
Mutheu ameinuka, mchanga umemganda shavuni.
Ameniona mwongo.

Ndani nilikuwa na beseni. Ndoo mbili,
shilingi hamsini kila moja, za mkokoteni wa Barasa.
Yalishasuuza mashati, yakabaki na buluu yake.
Kwa desturi yangeosha ngazi, kisha choo,
kisha tungeagana.
Nikayabeba hadi nje, mgongo ukilalamika,
nikayamwaga shimoni.

Hawakupiga kelele.
Walinyamaza kama watoto walioingiliwa na mgeni.
Maji yakasimama, ya buluu kuliko ya kwetu,
povu pembeni, na kifungo kimoja cheupe
kikishuka taratibu kwenda chini.
"Lulu," akanong'ona Osodo.
Mdogo wa Njambi akaidaka. Tukamtoa kinywani.

Nilihesabu mpaka ishirini na moja.
Halafu mchanga ukayanywa yote,
ukabaki na midomo ya samawati.

Saa sita akaja fundi Musembi na sepetu,
akauliza ni nani amemlowanishia mchanga.
Tukatazama juu sote, hata mimi na umri huu.
Akachanganya saruji. Bahari ikapanda ngazi,
karai baada ya karai,
kwenda kuwa ukuta wa mpangaji
ambaye bado hajajua kama atahamia Nairobi.

Mutheu akanirudishia beseni,
amelifuta kwa gauni lake.
"Utafua tena lini?"
Nikautazama mfereji.
"Alhamisi," nikasema. "Wakifungulia."

Ndani, shati lake lilikuwa la pili kutoka juu.
Mungu anisamehe,
nikalisukuma chini kidogo.