Barua Ndogo

Januari, kiwanda cha kamba, njia ya Pongwe,
nilitumwa nibadilishe neno moja
katika mikataba arobaini na mitatu.
Palipo na *kibarua*, niweke *mshauri huru*.
Kompyuta ilimaliza kabla chai yangu haijapoa.

Wakaja kusaini, vumbi la katani kwenye kope.
Semkiwa wa mizani akasoma kwa kidole, akacheka:
"Sasa kibarua changu hakitaota nyasi tena,
maana sina."
Tukacheka sote. Mimi nikazidisha.

Mshauri huru huingia saa moja kasoro robo,
akichelewa dakika kumi hukatwa nusu siku.
Huvaa fulana ya kijani yenye namba mgongoni,
huomba ruhusa kwenda msalani,
hulipwa Jumamosi, kodi ya zuio ikishatoka,
bila likizo, bila mfuko wa uzeeni,
kwa kuwa, kifungu cha nne, anayo biashara yake.
Biashara gani?
Mikono, na kisu cha kukatia ncha.

Na ushauri?
Mara moja tu. Machi, Semkiwa alimfuata msimamizi:
"Ile mashine ya kusokota, kifuniko kimelegea."
"Nani kakuuliza?"

Aprili, maji ya masika yamejaa barabara za Ngamiani,
kifuniko kikaanguka.
Vidole viwili vya Mwanakombo vikasokotwa pamoja na katani.
Hospitali, dirisha la mapokezi, wakataka jina la mwajiri.
Nikafungua mkataba niliouchapa mwenyewe.
Mwajiri: *amejiajiri*.
Mwanakombo akanitazama juu ya kitambaa chenye damu
kama mtu anayengoja nimsomee vizuri zaidi.

Babu yangu alikata mkonge Kigombe kwa kipande.
Kila jioni nyapara alikitia alama,
na alama zikitimia thelathini
babu alijua mlango wa kugonga.
Hata kibarua, ukilitazama neno lenyewe,
ni barua ndogo.
Ndogo, ndiyo,
lakini ilikuwa na aliyeiandika.

Jana wamenipa wangu.
Karatasi mbili, neno lile lile, sikuhitaji kulitafuta.
Nimefika mapema leo, nimekaa nao mezani,
kalamu imefunguliwa wino unakauka.
Nje king'ora kinalia, saa moja kasoro robo,
na washauri huru, viatu mkononi, matope hadi magotini,
wanakimbilia geti.